Shule Iliyoshika Mkia

Watu walimwita Mama Pokea, maana katika miaka yake yote ya ualimu mkuu hakuwahi kumfungia mtoto mlango. Shule za jirani zilikuwa na ujanja wao. Mtihani wa mwisho ukikaribia, watoto wazito wa kusoma waliambiwa wahamie kwake, wasije wakashusha wastani. Kwa hiyo kila matokeo ya shule za serikali yalipobandikwa, shule yake ilishika mkia.

Mwaka ule mkaguzi alimwambia kwamba ikishika mkia tena, itafungwa.

"Dada yangu, safari hii kataa wageni," alimsihi.

"Nikiwakataa wataenda wapi, kaka?"

"Watabaki nyumbani."

"Basi umeshanijibu."

Wiki ileile mama mmoja alimleta binti yake, bado amevaa sare ya shule inayoongoza.

"Mwalimu, huko wamesema kichwa chake kigumu."

"Kigumu ndicho kizuri, hakipasuki ovyo. Ingia, mwanangu."

Binti alicheka, akaingia. Alijitahidi, maskini, lakini alifeli, na shule ikashika mkia.

Siku shule ilipofungwa kabisa, Mama Pokea alikuwa akizunguka darasa hadi darasa akibana madirisha. Binti yule alimfuata, macho mekundu.

"Mwalimu, ni sisi tuliokuponza?"

"Nani kakwambia upuuzi huo? Hebu nishikie dirisha hili, bawaba imelegea."

Binti alilishika. Mama Pokea akahangaika na komeo muda mrefu, amempa mgongo asije akayaona machozi yake.