Nilimkata Dada Kwenye Picha, Nikamzika Baba Akiwa Hai

Kosa ni langu peke yangu. Simsingizii shetani, wala simsingizii marehemu. Wembe niliushika mimi, na uongo niliusema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni mkulima wa pamba, karibu na Kolandoto. Nilisoma kidogo misheni, ndiyo maana baba alinipa kazi ya kuandika ukoo wetu kwenye daftari: babu zake walitoka wapi, nani alizaa nani, nani aliolewa wapi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, haoni. Alitaja majina, mimi nikaandika.

Tukimaliza alitaka nimpe picha aishike. Tulikuwa nayo moja tu, tuliyopigwa na Mhindi mjini Shinyanga vita vya Hitla vilipoanza. Baba amekaa kitini, mama yuko kando, mimi nimesimama kama mti. Dada yangu Kabula yuko nyuma ya baba, amemwekea mkono begani.

Baba hakujua kwamba Kabula hayumo tena.

Nilimchukia dada yangu, na sitaki kulipaka hilo asali. Alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake waliingia zizini kwetu, baba akasema hao ndio watakaonioza mimi. Msichana nilikuwa nimeshampata. Halafu Kabula akamkimbia mumewe, akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Mume akaja kuswaga ng'ombe wake mpaka ndama wa mwisho. Msichana wangu akaolewa na mwingine, na mimi nikakaa miaka mingi bila mke.

Siku moja nikachukua wembe nikamkata kwenye picha, kipande nikakitia motoni. Na baba alipofika kwenye jina lake katika ukoo, nilikwaruza kalamu juu ya karatasi ili asikie kama naandika. Sikuandika kitu.

Basi akaja msichana mmoja. Baba alikuwa ameenda Kagongwa kwenye harusi ya mtoto wa baba mdogo. Mke wangu, Mama Shija, alikuwa anapepeta mtama uani. Msichana alishuka kwenye lori la pamba, miguu imejaa vumbi, akapiga goti.

"Shikamoo mjomba. Naitwa Nyamizi. Mimi ni mtoto wa Kabula."

Sikumwitikia. Nikamwambia, "Hatuna mtu wa jina hilo hapa."

"Mama anaumwa sana, mjomba. Hawezi kusafiri. Anaomba babu aje Geita amwone, au kama hawezi, anitume na neno lake tu. Anataka kusikia kwamba babu amemsamehe kwa kumwacha mume. Yule mwanaume alikuwa anampiga, alimvunja mkono. Mama hakuwahi kuwaambia."

Kweli, hakuwahi kutuambia. Lakini nilipolisikia hilo sikulegea hata kidogo. Niliingia ndani nikaileta picha, nikamwonyesha. "Hii ndiyo familia ya nyumba hii. Mama yako yuko wapi hapa?"

Akaitazama, akaisogeza karibu na uso. "Mama alisema alisimama nyuma ya babu. Hapa pamekatwa. Na hivi vidole begani kwa babu ni vya nani?"

Nilimnyang'anya picha. Ndipo nikasema neno lililoniharibia maisha. "Babu unayemtafuta alikufa zamani. Alikufa akimlaani mama yako. Rudi ulikotoka."

Alisimama, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Mama Shija aliweka ungo chini.

"Baba Shija, umefanya nini?"

"Wewe pepeta mtama wako," nikamwambia. Na kwa kuwa aliujua mkono wangu, aliinua ungo wake.

Baba alirudi, sikumwambia kitu. Miezi ikapita. Tukiwa tunachambua pamba barazani, alifika mwanaume mmoja, mchimbaji aliyekuwa jirani ya Kabula kule Geita. Alikuwa ametoka kwao likizo, anarudi machimboni, akapitia kutupa pole. Alipoambiwa kwamba mzee aliyekaa kitini ndiye baba wa Kabula, alirudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, si tuliambiwa umekufa?"

"Nani kasema?" baba akauliza.

"Nyamizi alirudi na habari hiyo kutoka nyumba hii. Kabula alikulilia, mzee. Alinyoa nywele, akakaa matanga yako huku hawezi hata kuinuka. Naye akafa kabla ya mwezi kwisha."

Nilitaka kusema msichana alikosea nyumba. Mama Shija akanitangulia. Alieleza yote, neno kwa neno, amesimama mbele ya baba mkwe wake bila kuinamisha kichwa.

Baba aliomba picha. Akapitisha kidole pembeni mwake, akapata pale wembe ulipopita. Akaniambia nisome daftari. Nikasoma hadi kwenye watoto wake, nikafika kwenye jina langu, nikaishia hapo.

"Endelea," akasema.

Hapakuwa na cha kuendelea.

Kesho yake aliondoka na yule mchimbaji, amemshika mkono, kwenda kwa mjukuu wake. Mama Shija alimfungia mtama wa njiani. Mimi hakuniaga.

Niliwafuata baada ya kuuza pamba. Nyamizi alinikuta mlangoni, hakunikaribisha, ila hakunifukuza pia. Baba alikuwa amekaa mkekani.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, baba. Mwanao."

"Mwanangu nimeonyeshwa kaburi lake," akasema. "Wewe ulinizika mimi, basi niache huko ulikonizika."

Nililala stendi ya malori, nikarudi. Sasa ni mwaka wa pili. Watu wa ukoo wakipita kwangu wanasalimu kwa mbali, hawakai. Mama Shija ananipikia na kuniwekea chakula, mazungumzo hana.

Ninyi mnaosoma hili, msinitumie pole, siitaki. Kama nyumbani kwenu kuna picha, andikeni majina yote nyuma yake, na la yule mnayemchukia liandikeni kwanza. Na akija mtoto wake mlangoni, mwitikieni, mpeni maji, mwacheni aseme alichotumwa. Mkubwa wa nyumba akiwa safarini, mwambieni asubiri. Baba yangu alikuwa amebakiza siku tatu tu kurudi.