Turubai la Saruji

Hadi leo nikimsikia mtu akisema kuwa biashara huria ndiyo iliyotuletea usafiri wa kwenda kisiwa cha Songo Songo, damu inanichemka. Mimi nilisafiri kwa usafiri huo. Nilikuwa darasa la nne, na niliona kwa macho yangu tulivyothaminiwa.

Tulikuwa tunakaa Kiranjeranje, baba akilima ufuta na mama akishona nguo barazani. Mama alizaliwa kisiwani, na mwaka ule mdogo wake alikuwa anaolewa huko. Alikuwa ameahidi kumshonea nguo ya harusi mwenyewe, mbele ya dada zake wote, kwa hiyo akabeba cherehani yake, kichwa na miguu yake ya chuma. Tulipanda lori mpaka bandari ya Kivinje, baba, mama, mimi na mdogo wangu ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza.

Zamani kulikuwa na mashua ya ushirika, chakavu lakini ya watu. Ushirika ulipokufa, iliachwa mchangani na watu wakaibandua mbao wakapikia. Sasa mwenye chombo alikuwa tajiri mmoja aliyekuwa akijenga duka kubwa kisiwani. Asubuhi ile tulikuta mashua yake imesheheni mifuko ya saruji tangu mbele hadi nyuma, imefunikwa turubai jipya la bluu na kufungwa kamba vizuri.

“Abiria wanakaa wapi?” baba aliuliza.

Msimamizi wa tajiri, kijana mwenye miwani ya jua, alionyesha pembeni. “Popote mtakapopata, mzee.”

Tukapata ukingoni. Wanawake walibanana wakiwa wameshika watoto, wanaume wakakalia ubao uliobaki. Nahodha, mtu mzima wa Kivinje, aliitazama bahari kisha akautazama mzigo. Akasema chombo kimezidiwa. Msimamizi akamjibu kuwa wenye kutaka kazi yake wako wengi. Nahodha akainama kufungua kamba, tanga likapandishwa.

Tulipotokea kwenye kina cha bahari wazi, upepo wa kusi ulitushika ubavuni. Mawimbi yalipiga na kuturukia usoni. Mama alijaribu kumfunika mdogo wangu kwa khanga, nayo ikaloa mara moja. Mtoto alitapika, akalia, halafu akaacha kulia. Huko kuacha ndiko kulikomtisha mama.

“Mwanangu,” alimwambia msimamizi, aliyekuwa akisafiri nasi, kwa upole, “nisaidie pembe tu ya hilo turubai nimsitiri mtoto.”

“Haiwezekani, mama. Saruji ikiloa imekwisha. Mtoto akiloa atakauka.”

Nimeishi miaka mingi na sijasikia neno baya kuliko hilo. Na hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemweleza mwenzake bei ya sukari.

Maji yakaanza kuingia. Wanaume waliyachota kwa makopo na ndoo, lakini mashua ilizidi kuwa nzito, ikawa inapanda wimbi kwa kujivuta. Nahodha akapiga kelele: “Punguzeni mzigo! Tupeni!”

Msimamizi alisimama upesi. Nilidhani anaifuata saruji. Kumbe alikuja kwetu. Kabla baba hajageuka, alishaibeba miguu ya cherehani, akaitupa majini. Akarudi akachukua kichwa chake. Mama alikishika kwenye gurudumu kwa mkono mmoja, mtoto kwa mkono mwingine.

“Niachie, mama! Tutakufa!”

“Na saruji je?” mama aliuliza.

“Mzigo ule una mwenyewe!”

“Na sisi hatuna wenyewe?”

Msimamizi alimpokonya akakitupa. Chombo hakikubadilika hata kidogo. Cherehani ingepunguza nini mbele ya saruji yote ile? Baada yake alitupa godoro la bibi mmoja, akafuata begi la mwalimu aliyekuwa anaripoti kazini.

Hapo mama alinikabidhi mtoto. Alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti hata sokoni. Alitambaa juu ya mapaja ya watu, akang'ata fundo la kamba kwa meno, akalifungua, akavuta turubai. “Mfunike,” aliniambia akinirushia. Kisha akakumbatia mfuko wa saruji, lakini haukunyanyuka. Baba akaushika upande wa pili, ukaenda majini. Mwalimu akafuata, na bibi wa godoro naye akawa anasukuma kwa miguu. Msimamizi alimshika baba shati, likachanika, na nahodha akamfokea: “Mwache! Nimechelewa kusema, lakini sasa nasema!”

Mashua ikainuka. Chini ya turubai nilisikia mdogo wangu akianza kulia tena, na sauti yake iliniingia mwilini kama uji wa moto.

Tulipofika, tajiri mwenyewe alikuwa ufukweni. Nilimwamkia shikamoo, sijui kwa nini, ni mazoea. Hakuitikia. Alimwuliza msimamizi, “Imefika mingapi?” Watu wanashuka wakitetemeka, yeye anauliza mifuko.

Baba aliitwa ofisi ya kijiji kwa kuharibu mali. Hakwenda peke yake. Abiria wote walimfuata na nguo zao mbichi, na nahodha akiwa mbele. Mwenyekiti alisikiliza, akajikuna shingo, akasema tusameheane kwa sababu tajiri anakiletea kisiwa maendeleo. Yaani tusamehewe sisi! Cherehani haikutajwa hata mara moja.

Mama alishona nguo ya harusi kwa mkono, akikaa karibu na dirisha. Ilikwisha asubuhi ya ndoa yenyewe. Tajiri alialikwa, akaketi mbele kabisa. Wakati wa kugawa pilau, mama alipewa sinia la watu wa mbele. Alilipita kundi lile, akaenda kulitua mbele ya nahodha na abiria wenzetu waliokuwa wamekaa nyuma.

“Umekosea, dada,” mtu alimwambia.

“Sijakosea,” alisema mama, akaanza kuwanawisha mikono.