Spea ya Mzee Salehe

Nina hasira hadi leo, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe, fundi mzima!

Mzee Salehe, mfanyabiashara wa hapa Tukuyu, aliniletea kigari chake cha zamani cha spoti. Tairi la nyuma lilikuwa linasugua bodi. Nikagonga ukingo wa bodi mpaka likaacha.

"Kijaribu, lakini mwisho wako sokoni," aliniambia.

Mimi nikakipeleka Isongole, ukweni, nikaringe. Nikiwa ndani nakula, shemeji zangu walikuwa nje wakicheka na kupigapiga buti la gari. Nikadhani wanakishangaa.

Kurudi, tairi likasugua njia nzima! Nikalaani matairi haya ya mitumba yaliyojaa tangu biashara iachiwe huru. Gereji nikamkuta mzee ananisubiri, nikashuka nafoka.

"Mzee, umeuziwa takataka! Sokoni na kurudi tu, limeanza tena!"

"Pole, fundi. Basi toa spea tuifunge."

Nikafungua buti kwa kishindo. Gunia zima la viazi limelalia upande wa tairi lile lile, na juu yake jogoo kafungwa miguu, ananikodolea macho.

Mzee akachungulia.

"Haya, fundi. Ifunge."