Marehemu Aliyekataa Kuinuka

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa kinyozi, huku kwetu Temeke, upande mmoja wa kichwa ukiwa umeshanyolewa na mwingine bado. Kinyozi alitupia jicho simu yake, akaguna, akasema, "Mzee, yule babu mkali wa kwenye tamthilia amefariki asubuhi hii." Nikamwambia azime mashine. Nikamuuliza, "Una hakika?" Akaniangalia kwa ile huruma wanayoangaliwa nayo wazee waliochanganyikiwa, kisha akanionyesha picha. Lakini swali langu halikuwa la kipuuzi. Huyu ni mtu ambaye niliwahi kumbeba begani ndani ya jeneza, na jioni ya siku hiyo hiyo tukala naye mihogo ya kukaanga. Safari hii ilikuwa kweli. Tulimzika kesho yake baada ya sala ya alasiri, na kwa jinsi watu walivyojaa, zamu yangu ya kutia bega ilikuwa ya hatua chache tu. Nilirudi nyumbani na huzuni, lakini nisiwafiche wasomaji wangu: huzuni yenyewe ilikuwa imechanganyika na fahari, na fahari ndiyo iliyozidi.

Vijana mnamjua kwa uzee wake. Televisheni ilichelewa kufika huku bara, na ilipofika ilimkuta ameshaota mvi, ndiyo maana mmemwona akiwa babu wa kila familia, mara mjomba mchoyo, mara mzee wa mtaa anayefukuza wachumba wa binti yake kwa bakora. Sie wa rika lake tulimjua tangu enzi za Ujamaa, alipokuwa kibarua wa bandarini mchana, na jioni anakuja kwenye ukumbi wa kikundi chetu cha maigizo akiwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi. Kikundi chetu kilikuwa cha kujitolea. Tulicheza vichekesho, tulighani ngonjera za kuwasuta wavivu na walanguzi, na tukialikwa kwenye sherehe za kitaifa tulishiba pilau. Mimi nilikuwa mwigizaji wa kawaida, wa kusema "Ndiyo, bwana mkubwa" na kutoka. Yeye akipanda jukwaani hata waliokuwa wakitafuna karanga waliacha.

Mama yake hakupenda hata kidogo. Alikuwa mjane, mwenyeji wa Pwani, msusi wa mikeka ambaye mikono yake sikuwahi kuiona bila ukili. Kwake yeye uigizaji ulikuwa uhuni uliopewa jina zuri. "Mwanamume mzima unajipaka masizi usoni watu wakucheke," alimwambia mbele yetu. "Baba yako alichekwa na nani?" Mwenzetu aliinamisha kichwa tu, kwa sababu pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kujibizana na mama yule. Hata hivyo aliendelea kuja ukumbini, na mama aliendelea kumwachia chakula mezani, na hivyo ndivyo walivyoishi.

Kisha wakaja watu wa filamu. Serikali ilitaka sinema ya kuwahimiza wananchi wawahi zahanati wanapougua, na kikundi chetu kikachaguliwa. Mwenzetu akapewa nafasi kubwa, ya mtu mbishi anayeidharau homa yake mpaka inamuua. Mdharau mwiba mguu huota tende, ndilo lililokuwa fundisho lenyewe. Tatizo likawa sehemu ya mwisho, maana mbishi huyo lazima afe, avikwe nguo nyeupe, atiwe kwenye jeneza, apitishwe mtaani. Msikiti haukutuazima jeneza, na ulikuwa na haki, basi maseremala wa kikundi wakatengeneza la kwetu. Lilipokamilika hakuna aliyekubali kulilaza nyumbani kwake hata siku moja. (Baadaye mbao zake zilitengenezewa benchi la ukumbini, na benchi lile halikukaliwa na mtu.)

Mama alipopata habari alitupa ukili chini. Kwetu Pwani kujifanya maiti si mchezo, ni uchuro, ni kujiitia mauti kwa jina lako. Nilikuwepo barazani kwao jioni ile. "Ukiingia humo," alimwambia, "radhi zangu usizitafute. Na ukipatwa na jambo usiseme hukuambiwa." Aliyezaliwa Pwani anajua uzito wa maneno yale. Mtu anaweza kuishi bila fedha na bila nyumba, lakini kuishi bila radhi ya mama ni kama kutembea umebeba moto mfukoni. Rafiki yangu akasema, "Mama, nimeshawapa neno langu." Hata hivyo, kwa uzito wa radhi ile, nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba kesho, siku ya kupiga picha, hatatokea.

Alitokea kabla yetu sote. Mwongozaji wa filamu alikuwa amewaficha wapiga picha ndani ya baraza moja, nyuma ya pazia, kwa sababu watu wakiona kamera huacha kila kitu wakaikodolea macho na kupunga mikono. Akamwagiza rafiki yangu neno moja tu: "Usitikisike mpaka unisikie nasema basi." Sisi wabebaji tuliambiwa tulitoe jeneza mlangoni, tupite nalo mbele ya maduka, tuishie kwenye kona. Tulipolinyanyua tu, nikamwona mama yake amesimama kibarazani kwa jirani, amejitanda buibui, midomo ikimchezacheza kwa dua. Alikuwa amekuja kumlinda mwanawe na uchuro aliomkataza.

Tulisahau jambo moja ambalo kila mtoto wa Temeke analijua. Kwetu jeneza halipiti hivi hivi. Muuza kahawa huweka birika lake chini, fundi baiskeli hufuta mikono kwenye suruali, na kila mwanamume hukimbilia kutia bega apate thawabu, awe anamjua maiti au hamjui. Hatujafika hata duka la pili, jeneza lilishatutoka. Mtu mmoja mnene alinisukuma kwa adabu kabisa, akashika pahala pangu. Nikamwambia, "Bwana, hii sinema." Akanitazama kwa chuki. "Huna haya? Watu wamefiwa, wewe unazungumzia sinema!" Jeneza likavuka kona likielea juu ya mabega ya watu tusiowajua, na kama mjuavyo, jeneza likishapata mabega mengi hukimbia. Mwongozaji alichomoka kwenye pazia anapiga kelele, mpiga picha nyuma yake na kamera begani, na sisi waigizaji nyuma yao, kanzu zikitutega miguuni.

Mama yake alitupita sote. Mwanamke hafuati jeneza, lakini yeye alilifuata mbio, buibui limemwanguka mabegani, akilia, "Mzima! Mwanangu mzima huyo!" Wanaume wakamzuia kwa upole. Muuza kahawa alimwambia, "Subira, mama. Sote njia yetu hiyo."

"Nawaambieni anapumua!"

"Ndivyo tunavyoona sote, mama, siku ya kwanza," akamjibu, na machozi yakimlengalenga mwenyewe.

Walifika makaburini ndipo mmoja akauliza kaburi liko upande gani. Halikuwapo. Wakalitua jeneza chini, wakaanza kulaumiana nani ni mwenye msiba. Mama akapenya, akafunua nguo usoni. Mwanawe alikuwa amelala macho yamefumba, taya limelegea kidogo, na nzi anamtembea juu ya mdomo bila kufukuzwa. "Inuka," akamwambia. Hakuinuka. Akamtikisa bega. Hakuinuka. Hapo nilimwona mama yule akibadilika, maana aliyekuja kumlinda mwanawe na uchuro aliamini sasa kwamba uchuro umeshamchukua. Akapiga magoti mchangani, akamshika uso kwa viganja vyote viwili. "Inuka, mwanangu. Nimekuwia radhi. Nimekuwia radhi duniani na akhera, inuka." Mpiga picha alikuwa ameshafika, na kamera ilikuwa ikirekodi. Ndipo mwongozaji akatokea, pumzi zimemwishia, akasema, "Basi."

Maiti akaketi.

Sitawasimulia jinsi makaburi yale yalivyobaki matupu. Muuza kahawa, naambiwa, mbio zake zilikomea mtaa wa Chang'ombe. Mama peke yake hakukimbia. Alimtazama mwanawe, akamzaba kofi la kumfanya mtu ajue yu hai, akajitanda buibui lake, akaondoka. Jioni mwenzetu alimwendea na mihogo ya kukaanga, nikiwa nyuma yake kama shahidi, akamkumbusha kwa sauti ndogo kwamba radhi ameshapewa. "Radhi ile niliitoa kwa maiti," mama akasema. "Wewe mzima, bado."

Filamu ilipokamilika, gari la sinema lilikuja kuionyesha uwanjani. Mwongozaji hakukata chochote. Mama yule alikuwamo, mkubwa kama ukuta, akimlilia mwanawe, na uwanja mzima ukalia naye. Yeye mwenyewe alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akamgeukia mwanawe aliyekuwa ameketi mkekani pembeni yake.

"Kumbe ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia, mama."

"Nikakubembeleza. Na hukuinuka."

"Sikuwa nimeambiwa basi."

Mama akasimama, akaenda zake. Kesho yake akina mama wa mtaa walimjia na mkono wa pole, ilhali mwanawe yuko uani anachota maji, na akawapokea.

Nimelifikiria sana jibu lile. Kuna atakayesema ni ukatili, mtu kumsikia mama yake katika hali ile akabaki amefumba macho. Sikatai. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba hajawahi kubeba mzigo mzito bandarini kuliko kope zake siku ile. Lakini kumbukeni zama zenyewe. Kila hotuba ilikuwa ya kazi, kila bango la kazi, na kazi maana yake ilikuwa jembe, mashine na gunia. Mwigizaji alikuwa mtu wa kuchangamsha wageni kabla ya mgeni rasmi hajafika. Nani angemwambia kijana wa Temeke kwamba kulala kimya ndani ya sanduku la mbao ni kazi, na kwamba inaweza kufanywa vizuri au vibaya? Hakuambiwa na mtu. Alijiambia mwenyewe, akaacha ukibarua, akajiunga na kikundi kilichozunguka mikoani, akaishi maisha yake yote kwa neno hilo. Miaka ya karibuni nilikwenda kumtazama Sinza, walikokuwa wakirekodi tamthilia kwenye nyumba ya kupanga. Vijana walichelewa wote, wakamkuta ameketi na kanzu yake ya kuigizia, maneno yote yako kichwani. Binti mmoja akampa shikamoo, akamwomba ushauri. "Ukiambiwa ufe," akamwambia, "kufa. Usife huku unachungulia." Nilicheka, binti akacheka, yeye hakucheka.

Mama yake alimwia radhi lini, basi? Nilikuwepo pia, na ndicho kisa kilichonifanya nishike kalamu. Ilikuwa katika zile siku za kuwasaka wasio na kazi mjini ili wapelekwe vijijini wakalime. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja asubuhi na mgambo wawili. Mwenzetu alikuwa anajiandaa kwenda mazoezini, nimempitia, tuko mlangoni.

"Huyu alikuwa bandarini, sasa hayuko," mjumbe akasema. "Kijana, kazi yako nini?"

"Naigiza."

Mgambo mmoja akacheka, akamshika mkono. "Twende, ukaigize shambani." Nilianza kujieleza, nikaambiwa ninyamaze au niongozane naye. Mwenzetu hakunitazama mimi wala mgambo. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amekaa chini na mkeka wake. Neno moja la mama, kwamba kijana huyu kweli amekuwa mzururaji, lingemaliza mambo, na sote tulijua kwamba ndilo neno alilokuwa akilisema kila siku.

Mama akaweka ukili pembeni, akasimama.

"Mwache," akamwambia mgambo. "Huyo ana kazi. Mie nimemwona akiifanya. Nilimlilia huyu makaburini, akanisikia, asiinuke, kwa kuwa mkubwa wake wa kazi hajasema basi. Nyie mnaoshika watu, yuko miongoni mwenu anayeiweza kazi yake hivyo?"

Mgambo akauachia mkono. Mjumbe, ambaye alilia uwanjani kama wengine, akaanza kuitafuta nyumba ya pili. Mama akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama pale akitokwa machozi bila kuyafuta.

"Na wewe umesimama nini? Utachelewa kazini."

Neno radhi hakulitaja, na hakuna aliyelihitaji. Tukaenda ukumbini, na hatukuchelewa. Kwa hiyo ninyi wazazi mnaoniandikia kwamba mwanenu amepotelea kwenye maigizo, muziki au michoro, mkitaka nimseme gazetini aache, mimi ombi langu kwenu ni dogo. Kabla hujasema mwanao hana kazi, nenda kamtazame akiifanya.