Shangazi Alipokataa Kupuliza Maji

Sitaki mnionee huruma. Mimi ndiye niliyemnyooshea kidole mwanamke aliyenilea, mbele ya ukoo mzima, na muda si mrefu nyumba yake ikateketea. Kiberiti sikukishika. Lakini moto ule niliuanza mimi, kwa mdomo wangu huu!

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja upande wa Magarini, nakaa Malindi. Kwetu hasa ni Ganze. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, nikachukuliwa na shangazi, dada yake baba, mjane asiye na mtoto. Alichoma makaa mpaka nikamaliza chuo. Nikisema alinilea, sisemi alinisaidia. Alinilea.

Sasa sikilizeni ujinga wa msomi.

Muhula ule nilikuwa nawafundisha watoto maneno ya hasira, nikayapanga ubaoni kama ngazi. Chini kabisa annoyed, huyo amekerwa kidogo tu, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Juu yake angry, mwenye hasira zake za kawaida. Kileleni furious, anayetokwa na povu. Halafu pembeni, peke yake, nikaandika resentful. Nikawaambia huyu ndiye wa kuogopwa. Hapigi kelele, havunji sahani. Kinyongo amekiweka moyoni na mbele yako anakuchekea.

Kwetu nyumbani tuna neno utsungu, nalo hubeba yote hayo pamoja na majonzi na maumivu ya mwili. Nilikuwa nalidharau. Nikajiona mimi na ngazi yangu ndio tunaojua kusoma mioyo ya watu!

Wakati huo nilikuwa na mtoto mchanga, wangu wa kwanza. Homa ilimpanda na kumshuka. Hospitali wanampa dawa, anapata nafuu, kisha inarudi. Jirani yangu hapa Malindi akaniinamia siku moja, sauti chini.

"Kwani huko kwenu hakuna mtu mwenye jambo na wewe? Kikulacho ki nguoni mwako, mwalimu."

Neno hilo likaniingia. Nikaanza kuwapekua watu wangu wote kichwani, na kila nikipekua naishia kwa shangazi. Nilichumbiwa bila kumwambia, na kwa desturi yetu shangazi ndiye wa kwanza kuambiwa. Yeye alisikia kwa watu. Wala hakulalamika. Mbona hakulalamika? Nani asiyekerwa na jambo kama lile?

Halafu nikakumbuka siku niliyompelekea mtoto amwone.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, mdomo kauziba kwa leso. Akarudi nyuma. "Mlaze pale mkekani. Nitamtazama kutoka hapa."

"Humpakati?"

"Mikono ina masizi ya makaa."

Nikaitazama mikono yake. Ilikuwa safi!

Sima ilipoiva alijipakulia sahani yake, akaenda kula peke yake nyuma ya nyumba. Mtu aliyenimegea tonge maisha yangu yote! Tulipoaga hakunishika hata mkono.

Njiani nikamwambia mume wangu, "Yule ana kinyongo nami."

"Labda anaumwa," akasema.

Nikamwambia asimtetee.

Nilipofika nikampigia simu baba mdogo. Sikusema uchawi. Nawaapia, neno hilo sikulitamka. Nilisema tu shangazi ana kinyongo. Lakini kwetu kinyongo cha mzee huogopwa, watu huamini kinaweza kumlaza mtoto kitandani. Nilijua hivyo wakati nalisema, msije mkadhani sikujua.

Dawa yake ni maji. Mzee husema moyo wake hauna neno, kisha hutia maji kinywani na kuyapuliza juu ya mtoto. Basi, yameisha! Ukoo ukakutana mchana wa Jumapili kwa baba mdogo, bakuli la maji likawekwa mbele ya shangazi.

"Dada, hatugombani," baba mdogo akamwambia. "Mpulizie mjukuu wako, tule, tutawanyike."

Shangazi alilitazama lile bakuli. Akaivuta leso ikamziba pua na mdomo.

"Kusema nitasema. Sina utsungu na mwanangu huyu, wala na mtoto wake. Mungu anasikia. Lakini maji sipulizi."

"Kwa nini?"

"Sipulizi."

Nami, msomi, nikasimama!

"Shangazi, mwenye moyo mweupe hakatai maji. Una kinyongo nami tangu harusi yangu, na mtoto wangu ndiye anayelipa."

Alinitazama tu. Nikausoma uso ule, nikaona chuki. Jamani, niliiona kabisa! Pale ukutani walisimama vijana, na mmoja akasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja." Wakatazamana. Nilijua kwetu vijana wakitazamana hivyo juu ya mzee mwenye mvi, wanawaza nini. Ningeweza kusema neno hapo, na sikusema.

Siku waliyoichoma nyumba yake alikuwa ameenda kuteka maji. Kwetu maji ni mbali, na umbali huo ndio uliomwokoa. Alirudi na mtungi wake kichwani akakuta majivu. Mpaka leo hajulikani aliyewasha. Kila mtu bomani anamshuku mwenzake, na mimi nawashuku wote, baba mdogo akiwemo. Chifu akampeleka shangazi kwenye makao ya wazee waliofukuzwa makwao kama yeye.

Hata hapo bado nilikuwa najiambia, angekuwa hana neno angepuliza.

Siku moja nikiwa kwa baba mdogo akaingia mhudumu wa afya wa kijiji, mama mmoja na mkoba wake.

"Namtafuta yule mama wa makaa," akasema. "Ndiyo kwanza ameanza dawa za kifua kikuu, na hajaja kuchukua nyingine."

Nilikaa chini. "Kifua kikuu?"

"Kwani hakuwaambia? Alikuwa anaona haya. Lakini aliniuliza sana habari za mtoto mchanga, kama akimpakata atamwambukiza. Nikamwambia kwa sasa akae mbali naye, na mdomo aufunike."

Ole wangu! Leso. Sahani ya peke yake. Mikono safi aliyoisingizia masizi. Na maji yale, ambayo yangetoka kinywani mwake yakamwangukia mwanangu usoni! Alikataa mbele ya watu, akijua vizuri watamfikiriaje.

Na homa ya mtoto mnajua ilikuwa nini? Malaria. Kila nikimwona amechangamka nilikuwa naziacha dawa katikati. Daktari alinigombeza kama mwanafunzi, nikazimaliza, mtoto akapona.

Shangazi alipomaliza dawa zake na kuambiwa amepona, nikaenda naye mtoto huko makaoni. Nilimkuta barazani anachambua kunde. Amenenepa kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Akampakata. Akamnusa utosini, akafumba macho, akakaa naye hivyo. Mimi nikapiga magoti.

"Nisamehe, shangazi. Una hasira nami?"

Mwenye kuzijua hasira zote kwa majina nilikuwa pale nabahatisha! Uso wake ulikuwa mtulivu, nami sikuweza kusoma kitu.

"Siku ile sikuwa nayo," akasema. "Wewe ndiye uliyenipa."

Nikalia. Nikachota maji kwa kata, nikampelekea kwa mikono miwili. Akayatia kinywani, akampulizia mtoto, mtoto akashtuka kisha akacheka. Nikainamisha kichwa nikingoja zamu yangu. Nilisikia kata ikiwekwa chini.

"Shangazi?"

"Kinywa kimepona, mwanangu," akaniambia. "Moyo bado. Nikikupulizia leo nitakuwa mwongo."

Kila shule zikifungwa naenda. Tunaongea, tunakula sahani moja. Maji huwa nayaweka karibu naye, na ninapoondoka huwa yako vilevile.

Somo lile la hasira bado nalifundisha. Siku hizi nawaambia watoto maneno haya ni ya kueleza moyo wako mwenyewe. Moyo wa mwenzako, muulize mwenyewe.

Na wewe unayenisoma, ikiwa kwenu kuna mzee anayejitenga, anayekula peke yake, anayemkwepa mtoto wako, najua unachokiwaza, maana mimi nilikiwaza. Usikipeleke kwa ukoo! Nenda kwake mkiwa wawili tu, umuulize anaumwa wapi. Mume wangu aliniambia mapema kuwa labda shangazi anaumwa, tukiwa bado njiani, na mimi nikamnyamazisha.