Maandishi ya Mlango wa Pikapu

Rangi ninayopiga mimi, nzi akitua anateleza anavunjika kiuno. Uliza mtu yeyote Kawangware 46. Gari inaletwa kwangu imekunjika kama chapati, na ikitoka hapo mwenyewe anaitafuta akiwa ameiegemea. Shule niliiona kwa dirisha tu, lakini mimi na nyundo tunaelewana.

Kwa hivyo shosho, yule bibi mzee mwenye ploti tunayofanyia kazi, aliponiletea pikapu ya marehemu mzee wake, nikajua Mungu amenikumbuka. Ilikuwa imelala nyuma ya nyumba miaka mingi, kuku wametaga ndani mpaka wakapata wajukuu. Zamani ilikuwa inabeba viazi kutoka Limuru. Sasa shosho alitaka kuipeleka maonyesho ya magari ya zamani, yale ya kila mwaka, matajiri wanapanga magari kwa nyasi na majaji wanachungulia mpaka chini ya kiti.

Mekanika akaamsha injini, mimi nikaingia bodi. Jumatano asubuhi nikamwita shosho aone. Pikapu ilikuwa inang'aa kijani mpaka jua likaona haya. Shosho akaizunguka mara moja, akasimama kwa mlango wa dereva.

"Maandishi ya mzee iko wapi?"

"Ile ilikuwa imechakaa, shosho. Nimekupigia rangi mpya kabisa."

"Ngai!" Akakalia mkebe wa rangi. "Aliandika na mkono wake. NANGOJEWA NYUMBANI. Nilikuwa na wiki moja tangu niolewe. Nikamletea uji akiandika, nikamgonga kiwiko, ile G ikalala. Mimi nilikuwa napeleka hiyo G ionekane, fundi. Gari ni ya kuibeba tu."

Hakulia. Angelia ningepata nafuu. Aliinuka akaenda zake.

Jamaa wa welding, jirani yangu, akavua miwani. "Buda, umefuta ndoa ya watu na spray!"

"Nitairudisha."

"Na nini? Maombi?"

Maonyesho ilikuwa Jumapili. Nikakaa chini nikakumbuka. Kawaida mlango ninaukwangua mpaka bati lipige kelele. Lakini siku ya huo mlango, githeri ilikuwa imeiva kibandani, harufu ikaniita kwa jina. Nikapitisha msasa juu juu, nikapiga rangi, nikakimbia. Yaani maandishi ilikuwa bado huko chini, imefunikwa tu kama mtu na blanketi. Uvivu wangu ulikuwa umemficha mzee.

Nikachukua msasa laini wa maji, sabuni na mtungi mzima wa maji. Hapo huwezi kutumia nguvu. Ukikosea kidogo unafika kwa bati, na mzee anakufa mara ya pili. Nikasugua na ncha za vidole, kama mtu anaosha mtoto macho. Jumatano, kijani. Alhamisi, kijani. Nikirudi nyumbani Sarang'ombe mama watoto anasimama mlangoni, "Leo tena umeota majani?" Vidole viliisha alama mpaka simu ikakataa kidole changu, ikakaa kama haijawahi kuniona.

Ijumaa saa nane ikatokea kitu nyeupe, ndogo kama ukucha. Mguu wa N! Nilipiga nduru, mbuzi wa mbali kule Silanga wakainua vichwa.

Kufika Jumamosi mchana herufi zote zilikuwa nje isipokuwa ile G. Mahali pake kulikuwa na shimo la kutu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeliziba na filler. Nikasugua mpaka jioni. Ikatoka nusu ya chini tu, imelala kweli, kama mlevi kwa mtaro. Juu ilikuwa imeenda na kutu.

"Chora hiyo nusu," akasema jamaa wa welding. "Shosho mwenyewe haoni vizuri."

Ningeweza. Mkono wangu unaweza kulaza G mpaka ikorome. Lakini hiyo ingekuwa G yangu, na mimi hakuna mtu aliniletea uji. Nikaweka brashi chini.

Jumapili asubuhi shosho aliukagua mlango, akapanda. Pikapu ikaingia kwa nyasi na nguvu ya injini yake yenyewe, imepiga kijani kote, mlango mmoja umechubuka kama goti la mtoto. Jaji akainama na karatasi yake. "Nani aliharibu hii mlango?"

"Mimi," nikasema.

"Na hii herufi mbona imelala?"

"Hiyo ni mimi," shosho akasema, akaweka kidole kwa ile nusu. "Nilikuwa nimebeba uji."

Kikombe cha ushindi kilienda kwa gari fulani jekundu. Shosho hata hakugeuka kuangalia. Kila mtu aliyepita aliambiwa ile habari ya uji, na kila mara bakuli lilikuwa linakua, mpaka nikaona amenishinda kwa uongo.

Jioni nikamuuliza kama nimalizie ile nusu ya juu, polepole tu, kwa heshima.

"Gusa," akasema, "uhame ploti yangu."