Kwa Hiari Yake Rosine Haug

Shamba la akina Haug lilikuwa limegawanywa mara nne. Kwetu Swabia, kusini mwa Ujerumani, kila mtoto hurithi sehemu sawa, wa kike kwa wa kiume, na hatukuwahi kuona ubaya wake. Zamu ya Rosine ilipofika, akapata ukanda mwembamba kiasi kwamba ng'ombe wa kulima hawakuweza kugeuka bila kukanyaga kwa jirani. Akaulima kwa mkono. Majira ya baridi alifuma kitani, mpaka vitambaa vya mashine vilipojaa sokoni na vyake vikakosa wa kuvitazama.

Mwanamume alikuwepo: Gottlob Riehle, fundi mapipa asiye na karakana. Mara tatu waliomba kibali cha kuoana, mara tatu baraza la kijiji likakataa. Maskini wawili wakioana, lilisema, watazaa maskini wengine. Wakazaa hata hivyo. Binti yao Regine alikuwa na miaka minne viazi vilipooza ardhini kwa mwaka wa tatu mfululizo.

Februari ya 1854, mkuu wa kijiji, Bwana Stähle, alimwita Rosine ofisini.

"Kijiji kitawalipia nauli mpaka Amerika," alisema. "Wewe, mtoto, na huyo Gottlob wako. Huko mtaoana hata mara mbili mkitaka."

"Na tukikwama njiani, bwana mkubwa?"

"Njia ni moja, Rosine. Mtu anakwamaje?"

Karatasi ilisema kwamba anaondoka kwa hiari yake, na kwamba yeye na mwanawe wanaacha uanakijiji wao milele. Hakujua uanakijiji una uzito gani, kwa kuwa hakuwahi kuishi bila huo. Asiye na kijiji hapangishwi chumba, hapewi mkate wa maskini, na akifa watu hugombana ni nani amzike. Akatia sahihi. Karani akapiga mstari juu ya majina mawili kitabuni, akapuliza wino ukauke.

Safari ilikuwa baada ya Pasaka. Siku nne kabla, Regine akaanza kukohoa.

Apollonia, mama yake Rosine, aliweka sikio mgongoni mwa mjukuu wake. "Kifua kinanguruma kama jiwe la kusagia. Niachie mimi, mwanangu. Akipona nitamtuma na watakaofuata."

Rosine akaenda kwa Bwana Stähle, akamkuta mezani na mkewe, wakinywa supu.

"Nipe wiki tatu tu. Au mtoto abaki na bibi yake."

"Mtoto yupi? Kitabuni mwangu hamna mtoto." Alimega mkate. "Anayemlaza mgeni bila kibali hutozwa faini. Mama yako ana mbuzi mmoja. Nimchukue?"

"Mgeni! Regine alizaliwa pale ng'ambo ya barabara!"

"Nikikukubalia wewe, kesho wote kumi na wanane ninaowasafirisha watakuwa na kikohozi."

Mkewe alicheka, kisha akayainamisha macho kwenye bakuli.

Gottlob, ambaye hakukosa mzaha hata msibani, siku hiyo hakuwa nao. "Bremen, bandarini, kuna daktari," alisema. "Anawakagua kabla ya kupanda meli. Wagonjwa hurudishwa."

"Wanarudishwa wapi?"

Wote wawili waliijua familia ya bonde la pili iliyorudishwa mwaka uliopita. Ilionekana chini ya daraja, kila kijiji kikiisukumia kwa jirani, na theluji ilipoanguka haikuonekana tena.

Asubuhi ya safari Apollonia alimpaka mtoto mafuta ya bata bukini kifuani, akamzungushia kitambaa cha sufu, akarudi ndani. Bwana Stähle alisimama kando ya gari la farasi akihesabu vichwa. Walipotimia kumi na wanane, alivua kofia kama mtu aliye mazikoni.

"Tucheze," Rosine alimwambia Regine walipopita jiwe la mpaka. "Nikikubana kidole, unafunga mdomo. Hata kifua kikikuwasha, hufungui."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka bwana daktari apite."

Akambana. Mtoto akakaza midomo. Uso ukawa mwekundu, kisha ukaiva zambarau, machozi yakamtiririka. Garini kila mtu alimtazama. Kikohozi hakikutoka.

"Vizuri," alisema Rosine. "Tena."